Mabawa ya Kuvuliwa

Kilo, hapa Ituri, Kongo, ni mji wa dhahabu, na mji wa dhahabu unampa mshonaji kazi za ajabu. Mchimbaji akipata, mkewe anakuja na kikwembe kipya na kusema, "Mama, nishonee kitu ambacho hakuna mtu amekiona." Shimo likikauka, sketi ile ile inarudi kwangu nipunguze kiuno, apewe binti. Nimeyaishi mawili hayo tangu utoto, kwa hiyo sikushona hata siku moja nguo ya ajabu bila kufikiria maisha yake ya pili.

Mashini niliyofundishiwa ilikuwa ya bibi yangu. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Kilo-Moto, kampuni iliyozaliwa na dhahabu ambayo watafutaji madini wawili kutoka Australia waliikuta huku kwetu mwaka 1903, na kambini wake za wafanyakazi walifundishwa kushona: mapazia, nguo za watoto, magauni yenye kola nyeupe. Bibi alijifunza yote hayo vizuri sana, kisha akayaharibu kwa makusudi. Kola alizikata kama majani ya mgomba yaliyopasuka na upepo. Mabibi wa Kizungu waliomfundisha hawakupendezwa, alituambia, na alituambia akicheka.

Mama mkubwa ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Yeye alikuwa mshonaji wa enzi ya Mobutu, wakati wanaume walivaa suti za abakosti na wanawake walikatazwa suruali na wigi, kikwembe kikawa ndiyo nguo halali. Watu wengi husema siasa ile iliua ubunifu. Mimi nimeona nguo alizoshona, na sikubali. Kwa kuwa chini ulilazimika kujifunga kikwembe, ukorofi wote ulihamia juu, kwenye mabega. Alishona mikono iliyovimba, iliyokunjwa marinda juu ya marinda, mingine imesimama kupita masikio. Vijana walipoanza kuniletea picha za malkia wa katuni za Kijapani, niwashonee mavazi kama hayo, sikuona kitu kigeni begani mwao.

Vita ya kugombea Mongbwalu, mji wa dhahabu jirani yetu, mwaka 2002 na 2003, ilitukimbiza hadi Bunia. Kichwa cha mashini kinafunguliwa kwa skrubu mbili, na mtu mmoja anaweza kukibeba. Meza na kanyagio vilibaki. Bunia nilishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, karibu na soko, nikiziba matobo ya nguo za watu waliokimbia kama mimi. Hakuna aliyeomba mabawa wakati ule. Lakini mwanamke mmoja wa kambi ya wakimbizi aliniletea shati la mume wake aliyeuawa, akataka nimfanyie sketi, na akasisitiza mifuko ya shati ibaki ilipo, mbele, na vifungo vyake. Ilikuwa sketi ya kuchekesha. Aliivaa kila siku.

Amani ilipojaribu kurudi, nami nilirudi Kilo, nikachongewa meza nyingine.

Sasa niseme juu ya sketi ya duara, kwa sababu ndiyo iliyonipa jina, na kwa sababu wanafunzi wangu wanadhani nguo ya kuchezea inakatwa kwa kuchezea. Chukua kiuno, gawanya kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 72 kinakupa 11 na nusu, hicho ndicho kipimo cha shimo la katikati, kutoka kitovu chake hadi ukingoni. Ukitaka urefu wa 60, jumla ni 71 na nusu, na duara zima lina upana wa 143. Kikwembe kina upana usiofika hata 120. Duara halienei. Basi unakata nusu duara mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja inakula 143 za urefu wa kitambaa, pamoja 286. Kipande kizima ni yadi sita, nusu yake ni sentimita 274. Umepungukiwa, na mteja amenunua nusu tu. Shusha urefu hadi 55, zinatakiwa 266, na unabaki na nafasi ya mishono. Wageni husifu sketi zangu zinazoishia magotini, wakidhani ni fasheni. Ni hesabu ya nusu kipande.

Halafu kuna michoro. Kikwembe kimechorwa kwa ajili ya kujifunga: urefu unazunguka mwili, upana unasimama. Ukikikata nusu duara, ndege wa mbele wanapaa juu vizuri, lakini wakifika nyongani wanakuwa wamelala, wote wanaruka kwenda nyuma. Wa nusu ya pili nao wanaruka kuja mbele. Kwenye mshono wa ubavu wanakutana mdomo kwa mdomo. Kitabu kitakwambia chagua kitambaa chenye michoro isiyo na juu wala chini. Mimi nachagua mbayuwayu, wale wa Vlisco mfuko ukiruhusu, wa Hitarget usiporuhusu, na pale wanapogongana ndipo ninapoweka mdomo wa mfuko. Mteja akiingiza mkono kutafuta pesa, ndege wanaachana.

Mwaka 2018 filamu ya Black Panther ilitoka, na vijana wa Bunia wakaanza kunitumia vipimo kwa simu, wakitaka nguo za walinzi wa kike wa Wakanda. Mbunifu wa mavazi ya filamu ile, Ruth E. Carter, alipata Oscar mwaka uliofuata, na naona alistahili. Alitazama Wamasai, Wahimba, blanketi za Basotho. Nilipenda macho yake. Ila kijana mmoja alipotaka kitu "cha Kiafrika kabisa, cha nchi isiyokuwepo", nilimuuliza kama amewahi kuona negbe. Hakuwahi. Kumbe ni vazi la jirani zetu Wamangbetu wa Uele, kigao kigumu cha nyuma kilichoshonwa kwa majani ya mgomba, kinatokeza juu ya makalio kama ngao. Na hapa Ituri, msituni, Wambuti hugonga gome la mti mpaka liwe kitambaa, kazi ya wanaume, kisha wanawake wanachora juu yake kwa maji ya tunda la gardenia na makaa. Mistari yao inaanza, inakatika, inarudi mahali usipoitegemea. Bibi alikuwa na kipande kimoja ukutani. Nadhani ndiko kola zake zilikotoka. Nilimshonea kijana yule kigao cha nyuma, kitambaa kigumu cha kola katikati ya vikwembe viwili, na mistari ya uzi mweusi. Kwenye sherehe waliuliza vazi hilo ni la mchezo gani.

Tangu hapo nashona vazi la ajabu kwa vipande. Sketi ni sketi: ina mfuko, inafuliwa kwa sabuni ya kipande, haichuji ukiianika kivulini. Blauzi ni blauzi. Mkia, pembe, kola ya malkia na mabawa vinashikwa kwa vifungo vya chuma vilivyofichwa chini ya marinda. Jumamosi binti ni kiumbe kutoka sayari nyingine, Jumatatu anauza mchele amevaa sketi ile ile. Wenzangu wa Bunia wanasema vifungo vinaharibu umbo, na kwamba mabawa ya kweli hayavuliwi. Wao hawajapanda pikipiki kutoka Iga Barrière hadi Kilo na mabawa mgongoni nyuma ya dereva.

Mwezi wa pili sipokei mabawa kabisa. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, iko njiani, kila chama cha akina mama kina kikwembe chake cha sare, na kila mama ndani ya sare hiyo anataka mkono wa blauzi usiofanana na wa jirani. Hapo ndipo mabega ya mama mkubwa yanaponilisha. Naweka daftari la vipimo, malipo ya nusu yanatangulia, na anayeleta kitambaa baada ya tarehe 1 Machi anashonewa mikono mifupi, hata awe mke wa nani.

Mwezi wa tatu ukigeuka vijana wanarudi na picha zao kwenye simu. La majuzi ni joka. Mkia mita moja na nusu, pamba ndani, magamba ya mabaki ya sare za Machi. Tumekubaliana bei ya sketi. Ya mkia bado tunavutana.