Maghribi ya Saa Tisa: Safari ya Kazan Wakati wa Theluji



Saa ya Kazan na saa ya Ikutha hazipishani hata dakika moja. Anayepiga simu kutoka dukani kwetu, kando ya barabara itokayo Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, hana haja ya kujumlisha wala kutoa: ikiwa ni saa tisa kwetu, ni saa tisa kwao. Kinachopishana ni jua. Mwishoni mwa Desemba, Maghribi ya Kazan huingia saa tisa na dakika kumi hivi, wakati ambao huku Ikutha hata Alasiri haijaingia na mbuzi wangali wamejilaza chini ya mbuyu wakilikimbia jua. Binti yangu, ambaye anasomea udaktari huko, alikuwa akiniambia, "Mama, nimekwisha kuswali Maghribi," nami ndio kwanza ninaondoa vyombo vya chakula cha mchana. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiitikia "alhamdulillah" bila kuelewa nilichoitikia. Ndipo nikanuia kuuona mji huo kwa macho yangu, na katika majira ambayo watu wengi hunishauri niyakwepe.

Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan, jamhuri iliyomo ndani ya Urusi, mahali ambapo mto Kazanka unaingia katika mto mkubwa wa Volga. Wengi wetu tukisikia Urusi hudhani ni nchi isiyojua adhana, na mama anayemuaga mwanawe huona kama anamtupa penye giza la mwili na la roho. Kwa Kazan, dhana hiyo si kweli. Watatari ni Waislamu, na Uislamu wa eneo hilo una umri wa miaka elfu moja na mia moja. Mwaka 921 mfalme wa Wabulgari wa Volga, jina lake Almish, alipeleka ujumbe kwa Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad akiomba aletewe wa kumfundisha dini na wa kumjengea msikiti. Khalifa akatuma msafara, na katika msafara huo alikuwamo Ahmad ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari ile. Walifika Mei 922. Magofu ya mji wa Bolgar yangalipo kando ya Volga, kusini ya Kazan.

Kitabu cha Ibn Fadlan ni rafiki mwema wa msafiri wa baridi. Akiwa njiani, huko Jurjaniya, anasimulia kwamba alikuwa akitoka hamamuni na kurudi nyumbani, akafika ndevu zake zimekuwa kipande kimoja cha barafu, hata imlazimu kuzisogeza motoni ziyeyuke. Anasema walivaa nguo juu ya nguo, manyoya juu ya manyoya, hata mtu akipanda ngamia hawezi kujigeuza. Niliposoma hayo nilidhani ni chumvi ya wasimulizi. Siku niliyotua Kazan, kipimajoto kilionyesha nyuzi 19 chini ya sifuri, nami nikamwamini Ibn Fadlan neno kwa neno.

Baridi ile si baridi ya Limuru wala ya usiku wa Julai. Haikupapasi ngozini, inakuingia puani. Pumzi ya kwanza nje ya mlango, vinyweleo vya pua hukakamaa kama vilivyotiwa gundi. Mtandio niliojifunga usoni ulilowa kwa pumzi zangu, na kwa muda wa kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama ubao. Theluji chini ya buti hulia mithili ya unga wa muhogo unaofinywa kiganjani. Lakini inaponyesha hainyeshi kwa kelele. Jirani yangu mmoja wa Ikutha aliniuliza kama huanguka kwa kishindo cha mvua ya mawe. Nikamwambia la, unaamka asubuhi ukaona dunia imefunikwa shuka, wala hukusikia mtu akiitandika.

Januari ya Kazan kwa wastani ni nyuzi 10 na zaidi kidogo chini ya sifuri, na zipo siku zinazoshuka hata kukaribia 30. Watu hawakai ndani wakisubiri ipite. Watoto huvutwa kwenye vigari vya kuteleza kwenda chekechea, mabibi huenda sokoni, na wanafunzi huwahi darasa la saa mbili gizani, kwa kuwa jua huchomoza saa mbili na robo. Njia hunyunyizwa mchanga na chumvi, na pale ambapo mikuki ya barafu imening'inia kwenye ukingo wa paa hufungwa utepe watu wasipite chini. Nyumba nazo ni joto kuliko za kwetu usiku: maji ya moto ya mji mzima huzunguka katika vyuma vilivyo chini ya madirisha, na mtu hukaa kwa nguo nyepesi huku kioo kimechorwa maua ya barafu kwa nje. Mlangoni viatu huvuliwa. Hapo nilijiona niko Mombasa.

Sasa nirudi kwenye swala, kwa kuwa ndiyo iliyonipeleka. Katika siku fupi za Desemba, Alfajiri huingia saa kumi na mbili hivi asubuhi, Adhuhuri saa sita kasorobo, Maghribi saa tisa na dakika kumi, na Isha saa kumi na moja na kidogo. Tazama, mama mwenzangu, Adhuhuri, Alasiri na Maghribi zote zimebanwa katika muda usiozidi saa tatu na nusu, na muda huo ndio wa mihadhara na maabara. Mwanafunzi anayetaka kuhifadhi swala zake hawezi kusema "nitaswali nikifika nyumbani". Binti yangu na wenzake wana kona yao nyuma ya ngazi, na jamvi dogo la kukunja ndani ya mkoba. Watatari ni Mahanafi, na Alasiri ya Kihanafi huingia nyuma ya ile ya Kishafi tuliyozoea pwani; kwa hiyo ratiba ya msikitini na ile ya simu ya binti hazikubaliani, naye huswali kwa wakati wa madhehebu yake pasipo ugomvi na mtu.

Udhu ndio uliokuwa ukinikosesha usingizi, nikimwona katika fikra akinawa maji ya barafu. Kumbe maji ya moto yapo katika kila bomba. Shida ni miguu: kuvua buti ndefu, soksi mbili, kunawa, kujikausha barabara, na kuvaa tena, ilhali dakika za mapumziko ni kumi. Hapo mlango mmoja wa fiqhi, ambao sisi tuliusoma chuoni utotoni bila kuuhitaji hata siku moja, ulifunguka mbele yangu: mlango wa kupangusa khofu. Nani kati yetu, Lamu, Malindi au Ikutha, amewahi kuvaa khofu? Tulihifadhi tu kwamba mkaazi ana mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu na masiku yake; kwamba huvaliwa baada ya udhu kamili, na kwamba sharti zifunike mafundo ya miguu. Bibi mmoja wa Kitatari, mwenye nyumba anayompangisha binti yangu chumba, alinionyesha khofu zake za ngozi laini, ambazo huzivaa ndani ya kalosha za mpira. Akifika mlangoni huacha kalosha, huingia na khofu zake safi, na udhu ukitenguka hupangusa juu yake. Nilizishika mikononi kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokisikia hadithini tu.

Na kwa ambaye maji yatamdhuru kweli, dini haikumfungia mlango. Amr ibn al-As, katika msafara wa Dhat al-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenziwe. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka, wala hakumlaumu.

Majira ya joto mambo hugeuka. Ibn Fadlan anasimulia kuwa aliingia hemani na mshonaji mmoja wa Baghdad wakazungumza kidogo wakisubiri adhana ya Isha. Walipoisikia adhana wakatoka, wakaona kumekucha. Muadhini akawaambia hiyo ni ya Alfajiri, na Isha wao huiswali pamoja na Maghribi. Yeye mwenyewe hakuwa amelala usiku kwa mwezi mzima akichelea kupitwa na swala ya Alfajiri. Maulamaa wa kule wameliandikia sana suala hilo la Isha. Mimi sikwenda majira hayo, nami nashukuru.

Bibi yule tulikuwa hatuna lugha ya pamoja, ila maneno yalikuwa yakituponyoka na kukutana. Saa yeye huiita *säğät*, wakati ni *vaqıt*, dunia ni *dönya*, kitabu ni *kitap*, na akishukuru husema *rähmät*. Chai yao hutiwa maziwa, tofauti na Warusi wenginewe. Alitupikia *öçpoçmaq*, maandazi ya pembe tatu yenye nyama na viazi ndani, ambayo ukiyaona utaapa ni sambusa iliyookwa badala ya kukaangwa. Nyama ya halali haitafutwi kwa taabu katika mji ule.

Nilipelekwa kuuona msikiti wa Kul Sharif ndani ya ngome, kuta nyeupe na kuba la buluu, ukiwaka juu ya theluji. Umepewa jina la imamu aliyeuawa akiutetea mji mwaka 1552, Kazan ilipotekwa na Mfalme Ivan. Msikiti huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2005. Ni mzuri, na umejaa watalii. Moyo wangu ulibaki zaidi katika msikiti wa al-Marjani, karibu na ziwa Kaban, uliojengwa kati ya 1766 na 1770 kwa idhini ya Malkia Catherine. Katika zama za ukomunisti, misikiti mingine ilipofungwa, huo uliendelea kuswaliwa. Na ni Kazan hii hii ambayo, tangu mwanzo wa karne ya 19, ilikuwa ikichapa misahafu iliyofika nchi nyingi za Waislamu.

Ziwa Kaban lilikuwa limeganda. Wanaume wameketi juu yake kwenye vibao, kila mmoja na tundu alilotoboa, wakivua samaki. Niliwaza wanawake wa Ikutha wakichimba mchanga wa mto mkavu hadi maji yapatikane. Ukiyaona maziwa na mito hiyo ya nchi mbili kwa juu utasema hakuna kitu.

Sitaki kuficha upande mwingine. Vita havipo mbali: tarehe 21 Desemba 2024 ndege zisizo na rubani zilipiga majengo ya makazi hapo hapo Kazan. Tena, kiasi cha kilomita 200 mashariki, kuna mji wa Yelabuga, na eneo la viwanda la Alabuga. Mpango uitwao Alabuga Start umekuwa ukiwatangazia wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22 kazi na mafunzo, tiketi ya ndege ikilipwa. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuwa wasichana waliodhani wanakwenda kwenye kazi za hoteli na upishi walijikuta wakiunda ndege za kivita zisizo na rubani, na miongoni mwao walitoka Uganda na nchi nyingine za kwetu. Aprili ya mwaka huo huo bweni lao lilishambuliwa na watu wakajeruhiwa.

Matangazo kama hayo huonekana kwenye simu za mabinti wa Ikutha waliomaliza Kidato cha Nne wakakosa karo, na kwenye simu za mabinti wa Kisauni na Likoni vile vile. Binti anayekwenda kusoma ana barua ya chuo kikuu, jina la kitivo na lugha atakayosomea; mara nyingi mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kirusi. Anayekwenda kusomea udaktari ajue pia kuwa akirudi Kenya atafanya mtihani wa baraza la madaktari kabla ya kuruhusiwa mazoezi hospitalini. Anayeambiwa "njoo tu, utaelezwa ukifika", huyo mzuieni, hata akilia.

Kwa anayekwenda kumzuru mwanawe: beba fedha taslimu, kwa kuwa tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard za benki zetu hazifanyi kazi nchini Urusi. Buibui lipunguzwe urefu kidogo, maana pindo hufagia theluji na kuganda. Buti zinunuliwe huko huko. Za Nairobi nyayo zake huteleza. Simu ikae ndani ya nguo karibu na mwili, vinginevyo betri huzima ghafla.

Bibi yule alinifumia jozi ya soksi za sufi, nene kama blanketi. Ziko sandukuni Ikutha. Julai iliyopita jirani yangu aliyejifungua aliniazima moja, akamtia mtoto mzima ndani yake hadi kifuani.