Kompyuta Yenye Kasi Nayo Hungoja

Askari arudipo nyumbani kwa likizo, na akiba yake mfukoni, akakusudia kuwanunulia watoto kompyuta, kitu cha kwanza aonyeshwacho dukani ni tarakimu. Hii ina gigahezi 3, ile ina gigahezi 5, na ile ya 5 ndiyo ghali. Wengi hulipa papo hapo, pasipo kuuliza habari ya kungoja.

Prosesa, yaani sehemu ifanyayo hesabu, ikiwa na gigahezi 5 hupiga hatua moja kila nanosekunde 0.2. Lakini ikihitaji habari iliyoko katika kumbukumbu kuu, jibu huchukua nanosekunde 60 hadi 100 kufika. Hatua 300 na zaidi zaweza kupita bure! Ni kama mpishi mwenye mkono mwepesi ambaye kila atakapo chumvi humtuma mtoto sokoni.

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Marekani, Wulf na McKee, waliuita upungufu huo ukuta wa kumbukumbu, na ukuta huo ungali umesimama. Kumbukumbu za zamani za DDR zilizoandikwa 400, zenye kipimo cha kungoja cha 2, hutumia nanosekunde 10 katika sehemu hiyo ya safari. Za DDR5 zilizoandikwa 6000, zenye kipimo cha 30, hutumia nanosekunde 10 zile zile. Mzigo ubebwao umeongezeka mara 15; kungoja hakukupungua hata kidogo. Wauzaji, bila shaka, huandika mzigo kwa herufi kubwa.

Dawa mojawapo ni kuweka chumvi jikoni. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa iitwayo Ryzen 7 5800X3D, yenye kashe, yaani ghala dogo lililo ndani ya prosesa yenyewe, ya megabaiti 96. Ndugu yake, 5800X, alikuwa na megabaiti 32 tu, ila mwendo wake ulifika gigahezi 4.7, naye mgeni aliishia 4.5. Katika majaribio ya michezo, ambayo huchota habari huku na huko, mgeni alishinda mara nyingi. Katika jaribio la kuchora picha liitwalo Cinebench, ambalo halisumbuki sana na kungoja, alishindwa.

Basi ni yupi aliye na kasi? Jaribio moja lamsifu huyu, jingine yule, na yote mawili ni ya kweli. Mnunuzi atazame lile linalofanana na kazi ya nyumbani kwake. Na ikiwa watoto wataandika barua na hesabu za shule tu, ile ya bei nafuu yatosha. Fedha iliyobaki ilipe karo.