Saa tatu za Jumapili ambazo Kigali huwaachia watoto barabara

Saa 1:00 asubuhi ya Jumapili, askari wa usalama barabarani wanaburuta vizuizi hadi katikati ya lami, karibu na jengo la kuba la Convention Centre, na Kigali inanyamaza. Pikipiki za abiria, ambazo siku nyingine hupishana hapo kama nyuki, zinageuzwa kwenda barabara za pembeni. Muda si mrefu lami inajaa watu: kinamama waliovaa raba na kanga kiunoni, wazee wenye fimbo, vijana wa vikundi vya mbio, na watoto wengi wenye baiskeli.

Baiskeli zenyewe ni za kila aina. Ipo ndogo yenye magurudumu mawili ya kusaidia nyuma, ipo kubwa ya baba ambayo mtoto anaiendesha akiwa amepenyeza mguu chini ya mtaimbo kwa sababu hafikii tandiko. Ipo ya gia nyingi ya kijana anayejiona yuko kwenye mashindano. Zote zinashuka kutoka Remera kuelekea Gishushu bila gari hata moja nyuma yake.

Asubuhi hizi wenyeji huziita siporo rusange. Aliyezoea neno spoti haitaji mkalimani. Zilianza mwaka 2016, mwanzoni mara moja kwa mwezi, baadaye zikawa mara mbili. Barabara kuu kadhaa hufungwa hadi saa 4:00, kisha magari yanarudi. Kwa Wanyarwanda, kutoka nyumbani pamoja kwa siku maalumu hakukuwa jambo geni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wana umuganda, ambapo majirani hukutana kusafisha mitaro, kupanda miti au kujenga. Tofauti ni kwamba umuganda ni kazi, na mtoto mdogo kwenye kazi ni mtazamaji tu. Kwenye siporo yeye ndiye mwenye shughuli, na mzazi ndiye anayehema nyuma yake.

Mzazi anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Mwanza anajua tatizo linalozungumziwa hapa. Mtoto ananunuliwa baiskeli akifaulu mtihani, au wakati wa Idi na Krismasi, halafu inazunguka uani. Nje ya geti kuna bodaboda na daladala, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayemruhusu mtoto wa miaka minane kutoka nayo. Baada ya mwezi tairi limeisha upepo na baiskeli imekuwa kamba ya kuanikia nguo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa kuanzia miaka mitano hadi 17 apate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa wiki. Ushauri ni mzuri. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali pa kuutekelezea, na hilo mzazi hawezi kulitatua peke yake hata akiwa na nia ya chuma.

Ndiyo maana kinachovutia zaidi Kigali ni kile kinachotokea pale watu wanaposimama, kuliko mwendo wenyewe. Kwenye vituo vya kukutania kuna jukwaa, muziki mkubwa na mwalimu wa mazoezi anayeelekeza umati unyooshe mikono. Daktari, muuza duka na mwanafunzi wote wanakosea hatua ileile na kucheka. Pembeni kuna mahema ambako wahudumu wa afya hupima shinikizo la damu, sukari, uzito na urefu bila malipo.

Foleni ya mahema hayo inafaa kutazamwa kwa makini. Shinikizo la juu la damu halina tabia ya kubisha hodi. Mtu anaweza kukaa nalo miaka, anakula, analala, anafanya kazi, hadi siku anapoanguka na kupooza upande mmoja. Wanaume wenye umri wa kati, ambao ndio wagumu kuliko wote kwenda hospitali wakiwa hawaumwi, hapa wanajikuta wamekaa kwenye kiti cha plastiki wakikunja mkono wa shati, kwa sababu mtoto amesimama kunywa maji na foleni ni fupi. Hakuna aliyewaita wagonjwa. Wengine watatoka hapo na karatasi inayowataka waende kituo cha afya, na hiyo karatasi pengine ina faida kuliko kilomita zote walizokanyaga asubuhi ile. Inafaa kusemwa wazi pia kwamba kukanyaga baiskeli mara mbili kwa mwezi hakumtoshi mtu kulinda moyo wake. Faida inakuja kama Jumapili ile inamfanya atembee hadi sokoni Jumatano.

Upande wa pili wa mji, Nyamirambo, kuna mtaa wa Biryogo, ambao msomaji wa Kiswahili ataingia kama aliyerudi kwao. Ndiko walikokaa Waislamu na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili tangu enzi za wakoloni, miongo mingi kabla Bunge la Rwanda halijakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Baadhi ya mitaa ya Biryogo sasa haiingii magari kabisa. Lami imepakwa rangi, meza zimewekwa katikati ya njia, watu wanakunywa chai ya nanaa na kula mishikaki. Waendesha baiskeli waliomaliza mzunguko wao huishia huko, na mtoto anaweza kuzunguka meza na kibaiskeli chake huku wazazi wakimtazama kwa jicho moja.

Lakini Jumapili haisemi yote. Siku nyingine sita baiskeli nchini Rwanda ni chombo cha kazi, na kazi yenyewe ni ngumu. Wapo abanyonzi, vijana wanaobeba abiria kwenye keria yenye mto, ndugu wa wale waliobeba abiria mpakani Busia na kulizaa jina la bodaboda. Kaskazini, upande wa Musanze, wapo wanaopandisha magunia ya viazi milimani kwa kusukuma, jasho likiwatoka, na wachache huning'inia nyuma ya malori ili wavutwe, jambo linaloua. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, chombo cha mbao kiitwacho chukudu kimebeba mizigo ya mji kwa miaka mingi hadi kikajengewa sanamu. Kwa watu hawa baiskeli ni ugali. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama Jumapili ya watu wenye raba nzuri inamsaidia nini kijana anayepumulia moshi wa malori Jumatatu.

Jibu la haraka halipo. Lililo dhahiri ni kwamba heshima ya baiskeli imepanda, na hilo si dogo katika eneo ambalo kununua pikipiki huhesabiwa kuwa ndiyo kuachana na umaskini. Mashindano ya Tour du Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988 na kuingia kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009, hupita vijijini bila kiingilio, na watu hujipanga kandokando ya barabara kilomita baada ya kilomita. Kisha Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Shule za mjini zilifungwa wiki ile. Siku ya mwisho wanaume walishindana kilomita 267.5, wakipanda mara kwa mara mwinuko wa mawe wa Kimihurura, na Mslovenia Tadej Pogačar akashinda. Kwenye kilima cha Kwa Mutwe umati uliacha njia nyembamba tu ya kupita. Watoto waliokuwa pale waliona watu bora duniani wakiteseka kwenye kilima ambacho wao hukipanda na ndoo.

Anayetaka kuona baiskeli inavyowaunganisha watu nje ya shangwe za mji, asafiri hadi ziwa Kivu. Njia ya Kongo-Nile inaanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, na kwenda kusini kandokando ya ziwa hadi Rusizi, kilomita 227. Kwa miguu ni kama siku kumi. Kwa baiskeli ni takriban tano, kwa mtu asiye na haraka na asiyeona aibu kushuka na kusukuma. Vilima havina huruma. Udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha unaganda kwenye matairi hadi magurudumu yakatae kuzunguka.

Mambo ya kuona ni mengi: mashamba ya kahawa na migomba inayoteremka hadi majini, chai ya kijani kibichi huko juu, na jioni wavuvi wanaoondoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wakiimba, kwenda kuvua sambaza. Ila siri ya njia hii ni tumbo. Mwenye gari hupita kijiji cha Kinunu akiwa amefunga kioo. Mwenye baiskeli hawezi. Atasimama kununua ndizi, atasimama tena kwa chai ya maziwa na chapati, pancha itamsimamisha kwa fundi aliyekaa chini ya mti na beseni la maji na solesheni, na jua likizama atahitaji kitanda. Hela yake inatoka kidogo kidogo, mkononi mwa watu wengi, kwenye vijiji ambavyo hoteli kubwa hazitafika. Mama anayepika chai anapata, fundi anapata, kijana anayeijua njia ya mkato anapata. Na kwa kuwa msafiri amechoka na kuchafuka, hana namna ya kujiona bosi. Anasaidiwa kusukuma kilimani na watoto wanaokimbia peku kando yake, wakicheka.

Watoto hao wana neno moja watakalomwambia mgeni njia nzima: agachupa! Wanaomba chupa tupu ya maji, ya kubebea kinywaji au kuchezea. Ombi linachekesha mara ya kwanza. Mara ya hamsini linafikirisha. Wageni waliogawa pipi, kalamu na sarafu barabarani kwa nia njema wamewafundisha watoto kunyoosha mkono kila wanapoona tairi, na mzazi wa kijijini ndiye anayebaki na mtoto aliyejifunza kwamba kusimama njiani kuna faida kuliko kuwahi darasani. Ni heri mgeni anunue ndizi kwa mama yake kwa bei halali. Familia inayosafiri na watoto inaweza kuwapa wenyeji kitu bora zaidi: mtoto wao ashuke, akimbizane na wenzake, aazimishe baiskeli kwa mzunguko mmoja. Lugha haitakuwa kizuizi, hasa karibu na Rubavu na Rusizi, ambako biashara na jirani wa Kongo imekifanya Kiswahili kuwa cha kila siku.

Njia yote ya ziwa haimfai mtoto mdogo. Kipande kifupi kutoka Rubavu kinatosha kwa familia, miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti. Mzazi anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke jambo moja ambalo husahaulika hadi linapotisha: Rwanda magari hupita kulia. Mtoto aliyezoea kuangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka ataangalia upande usio na hatari. Afundishwe kabla ya kupanda basi, afundishwe tena akishuka. Helmeti ivaliwe na baba pia, maana mtoto hufuata kichwa anachokiona. Breki zote mbili zijaribiwe kwenye tambarare kabla ya mteremko wa kwanza, kwa kuwa tambarare ya pili haipo karibu. Asiye na baiskeli mjini Kigali si lazima anunue. Tangu mwaka 2021 zipo za kukodi kwa simu kwenye vituo vya barabarani, ingawa ni za watu wazima, na mwenye watoto hana budi kuuliza kwa mafundi na watembeza wageni.

Jumapili, inapokaribia saa 4:00, muziki wa jukwaani unazimwa na mahema ya vipimo yanaanza kukunjwa. Kwenye kizuizi pikipiki zimeshajipanga, injini zinanguruma. Baba mwenye fulana iliyolowa anamwita binti yake mara tatu. Binti anajifanya hasikii, anakata kona moja ya mwisho katikati ya barabara pana kabisa, mikono imekakamaa kwenye usukani, kisha anashuka na kupandisha baiskeli juu ya ukingo wa njia ya waenda kwa miguu. Askari anamsubiri afike, ndipo anaondoa kizuizi.