Gigahezi 3.9 katika joto la Dar

Wandugu, leo siasa zipumzike kidogo. Wale mnaonidai makala ya daladala, deni nalikumbuka, italipwa. Leo nataka tuongee habari za prosesa. Ndiyo, prosesa ya kompyuta, na ule mchezo ambao vijana wa gemu wanauita kuovakloki, yaani kuifanya prosesa ikimbie kuliko kasi iliyoandikwa na mtengenezaji. Nimeulizwa sana habari hizi tangu watu waone kompyuta yangu, na majibu ya kwenye simu yamenichosha.

Kwanza historia kidogo, maana mchezo huu ulianza kama ujanja wa maskini. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini yenye megahezi 300. Prosesa hupata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya mazabodi. Celeron ile ilizidisha mara 4.5, na mapigo yalikuwa megahezi 66. Vijana wakagundua kwamba ukiyapandisha mapigo hadi 100, Celeron nyingi zilikubali kukimbia megahezi 450 bila kulalamika. Hiyo ilikuwa kasi ya Pentium II ya juu kabisa ya wakati ule, iliyouzwa ghali mara kadhaa. Nusu nzima ya kasi, bure! Nani angekataa?

Asali hiyo siku hizi imeshakombwa, na waliyoikomba ni watengenezaji wenyewe. Prosesa za sasa hujipandisha kasi zenyewe pale zinapoona joto na umeme vinaruhusu, kwa hiyo kinachobaki kwa mtu wa nyumbani ni asilimia chache. Ukiwa na prosesa mpya ya bei mbaya, ushauri wangu ni mfupi: iache. Mwenye faida kidogo ni mtu kama mimi, mwenye mashine ya umri wa kati na mfuko wa umri wowote.

Tena si kila kompyuta inakubali. Zile za mitumba zinazotoka maofisi ya Ulaya, ambazo Kariakoo zimejaa, karibu zote zimefungwa. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na mazabodi ya familia ya Z. AMD ni wakarimu zaidi, prosesa zao nyingi za Ryzen ziko wazi, mradi mazabodi isiwe ya daraja la chini kabisa. A320 hairuhusu, B450 inaruhusu. Ukiambiwa na muuzaji kwamba ile kompyuta ya ofisi "inapandishwa tu, kaka, ni programu", mshukuru na uondoke.

Mimi nina Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018. Viini sita, kasi ya kawaida gigahezi 3.4, na inaweza kujirusha hadi 3.9 kwa muda pale viini vichache vinapofanya kazi. Vyote sita vikishika kazi pamoja, inarudi chini ya hapo. Asubuhi mashine hii ni ofisi yangu, nahariri sauti na video za watu wanaonilipa wanapokumbuka kunilipa. Usiku inakuwa mali ya binamu yangu wa kidato cha nne, na Counter-Strike 2. Gemu hiyo, kwa kadi ya picha kama yangu na mipangilio ya chini, inaibana prosesa kuliko kadi. Moshi ukirushwa na watu wakirundikana sehemu moja, fremu zinaanguka, naye anapiga kelele hadi shangazi anaamka. Lengo likawa dogo tu: viini vyote sita vibaki 3.9 muda wote. Mapigo 100 mara 39, basi.

Sasa hapa ndipo penyewe. Ushauri wote unaousoma kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Wanakuambia volti kadhaa zinafaa na joto litakuwa kadhaa. Lakini feni na hitisinki hazitengenezi baridi. Zinachofanya ni kuondoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, basi joto la prosesa siku zote ni joto la chumba na nyongeza juu yake. Chumba changu hakina kiyoyozi. Februari saa nane mchana kipimajoto ukutani kinasoma 32, na bati halina huruma. Maana yake kila namba ya Mzungu iongeze kumi kabla hujaanza lolote.

Mtengenezaji ameweka ukomo wa nyuzi 95 kwa prosesa hii. Ikikaribia hapo hujipunguza kasi yenyewe isijidhuru. Yaani unaweza kuipandisha kasi, ukalipia umeme wa ziada, halafu mashine ikajishusha kimyakimya na wewe ukaendelea kujisifu. Nimewaona wengi wa namna hiyo.

Na joto halipandi kwa adabu. Ukiongeza kasi peke yake, joto linaongezeka kwa kiasi kilekile. Lakini kasi ikizidi hapo prosesa inadai volti zaidi, na volti huhesabiwa mara mbili, volti mara volti. Chukua mfano wa mashine yangu. Kwenye 3.9 inatulia kwa volti 1.25. Ili ikae 4.1 ilitaka 1.4. Kasi imeongezeka kwa asilimia 5. Piga hesabu ya volti, zidisha na ya kasi: joto limeongezeka kwa karibu asilimia 32. Asilimia tano za kasi kwa asilimia thelathini na mbili za joto! Hata mkopeshaji wa mtaani ana huruma kuliko hapo.

Nilijaribu hiyo 4.1 kwa makusudi, nione. Mchana, kwenye jaribio zito, ikasimama nyuzi 87. Nikaizima, nikairudisha 3.9. Sikutishwa na ile 87 kwa siku moja, nilichoogopa ni volti kwa miaka. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaharibika kwa kupewa volti kubwa kupita kiasi, wakatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya waranti. Hizo ni prosesa zilizotoka kiwandani na mipangilio yake. Yako na yangu, tulizozichokonoa wenyewe, nani atatupa waranti?

Kabla ya kugusa kasi nilishughulika na joto kwanza. Hitisinki iliyokuja na prosesa ni ya alumini tupu, fupi, na kwa kasi ya kawaida ya kiwandani ilikuwa inafika 82 mchana. Nikanunua ya mnara, Cooler Master Hyper 212, yenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya, punje moja ya ukubwa wa choroko katikati. (Msipake kama siagi, tafadhali.) Feni moja mbele inavuta, moja nyuma inatoa. Baada ya hapo, kwa 3.9, jaribio zito la mchana linafika 74, na Counter-Strike 62 au 63. Yaani kasi imepanda na joto limeshuka kuliko lilivyokuwa mwanzo. Kama una hela ya kufanya jambo moja tu, nunua hitisinki na uache kasi kama ilivyo. Nasema kweli.

Kuna fundi aliniambia, "Toa mfuniko wa pembeni, bro, elekezea feni ya kusimama, imekwisha hiyo." Siku ya kwanza inafanya kazi, sikatai. Ila nyumba za kwetu ni madirisha wazi na barabara ya vumbi, na mwezi haupiti hitisinki imeota manyoya. Mimi mfuniko umefungwa, feni ya mbele ina kipande cha chandarua kizee, na kila wiki nne naipuliza. Chandarua kinapunguza hewa kidogo, lakini vumbi linapunguza zaidi.

Lililonikalisha macho zaidi lakini halikuwa joto. Ni mafaili. Mwaka 2019 nilimrekodi mzee mmoja aliyefanya kazi reli ya kati tangu ujana wake, saa tatu na nusu za sauti, anacheka, anaimba, anakohoa. Mzee ameshatangulia. Mtoto wake aliniomba nimsafishie rekodi ile kwa ajili ya wajukuu. Sasa prosesa isiyotulia si lazima izime kompyuta ndiyo ujue ina matatizo. Inaweza kukosea hesabu moja katikati ya kazi, faili likahifadhiwa likiwa bovu, na wewe usijue hadi siku utakapolifungua. Gemu ikianguka binamu anaanza upya. Mzee yule siwezi kumrekodi upya.

Kwa hiyo sikukubali kipimo cha wachezaji, kile cha "nimecheza saa mbili haijaganda". Niliendesha Prime95 usiku kucha, halafu tena mchana wa joto, saa sita hadi saa kumi, HWiNFO ikiandika joto pembeni. Prime95 hujikagua majibu yake, ikikosea hesabu inasema. Kwa volti 1.2 ilikosea baada ya dakika arobaini, wakati gemu ilikuwa inacheza vizuri kabisa kwa volti hizohizo. Kwa 1.25 haikukosea hata mara moja. Mambo ya RAM sikuyagusa. Na rekodi ya mzee niliinakili kwenye diski mbili za nje kabla sijaingia kwenye BIOS hata kwa kuchungulia. Moja iko kwa mtoto wake Morogoro.

Binamu faida ameiona, ingawa si ile aliyoiota. Fremu za juu hazikupanda kwa kiasi cha kusimulia. Zilizobadilika ni zile za chini, pale kwenye moshi, mashine haikwami tena kama zamani. Nikamwekea na kikomo cha fremu 75, maana skrini yetu ni ya hezi 75 na haioneshi zaidi. Hilo peke yake liliishusha prosesa nyuzi kadhaa, na feni zikanyamaza. Shangazi analala.

Yeye bado anataka 4.1. Anasema wenzake wote wako juu ya 4. Nimemwambia asubiri kusi ivume. Mwezi Juni chumba kikishuka hadi 26 tutajaribu 4.0, kwa volti zisizozidi 1.3, Prime95 usiku na mchana kama kawaida. Ikikosea hesabu hata moja tunarudi tulipo. Amekubali, kwa shingo upande, na ameshaanza kuuliza Juni ni lini.