Tabaka la Tano

Kwa siku 19 ruta yetu ilifanya kazi ikiwa na kilema nilichokisababisha mimi, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika.

Nilikuwa zamu za usiku Frankfurt, katika jengo lisilo na madirisha, ambako feni huvuma mpaka mnazungumza kwa ishara. Ukimwambia mtu wa nyumbani Tanga kwamba unalinda ruta, anafikiria kile kiboksi cha waifai chenye taa za kijani sebuleni. Yetu ilikuwa makabati matano: manne yanapokea nyaya za wateja, la tano halina mteja, kazi yake ni kuyaunganisha hayo manne yawe mashine moja. Na hiyo ni ndogo. CRS-1 ya Cisco, iliyotoka 2004, iliundwa iweze kufika makabati 72 ya kadi na mengine 8 ya kuyaunganisha tu.

Sehemu hiyo ya kuunganisha huitwa swichi fabriki, na fabriki ni kitambaa. Aliyelichagua neno hakukosea. Pakiti ikiingia hukatwa vipande vya ukubwa sawa, vipande vikatawanywa kwenye matabaka yanayofanya kazi sambamba, kisha vikaungwa tena upande wa pili, kama mshindio unaovuka mtande. Wazo la kupitisha mawasiliano katika hatua tatu za swichi ndogo badala ya swichi moja kubwa mno, Charles Clos wa Bell Labs alilichapisha 1953, akiwaza simu za mezani.

Matabaka yetu yalikuwa 5. Manne yalitosha mzigo wote. Moja lilikuwa la akiba. Likianguka lolote, hakuna anayehisi. Huo ndio uzuri wake.

Usiku mmoja tabaka la tano lilianza kutoa makosa kwenye fungu moja la fiba. Vumbi, nilijiambia. Nikalizima ili nisafishe ncha, nikanyamazisha na tahadhari isinijazie skrini. Simu ikaita. Mama: baba amelazwa. Nilitoka nje kuzungumza, na niliporudi mwenzangu wa asubuhi alikuwa ameshaingia. Daftari la zamu sikuliandika kitu.

Siku ya 19, Mpolandi mmoja aliyenifundisha kazi, ambaye kimoyomoyo nilimwita Mzee, aliona tabaka la pili linasuasua. Ilikuwa saa nne usiku, watu wamejaa mtandaoni. Hakuona haja ya kungoja alfajiri, kwani la akiba si lipo? Akachomoa kadi. Yakabaki matatu.

Robo tatu ya njia, kwa mzigo wa saa ile. Foleni zikajaa, pakiti zikaanza kutupwa, simu zikaanza kulia. Mzee akairudisha kadi ile ile mbovu na kungoja iamke. Dakika 14. Sikuwahi kumwona akifuta jasho katika chumba kile cha baridi.

Aliulizwa kwa nini hakukagua kwanza. Swali la haki, alipaswa kukagua. Lakini mashine huhifadhi kila amri pamoja na jina la aliyeitoa, na niliona skrini yake ikiwa imesimama kwenye mstari wangu. Katika ripoti aliandika, “Tabaka la tano lilikuwa limezimwa.” Limezimwa na nani, hakusema.

Siku ya kwanza, naona aibu kukiri, nilikipenda sana kitenzi kile. Siku ya pili mama alipiga kusema baba ameruhusiwa, nami nikagundua nilikuwa nimeshaanza kuutunga ugonjwa wake uwe udhuru wangu.

Siku ya tatu nilifungua ripoti, nikaongeza tarehe, saa, amri na jina. Mzee aliisoma amesimama. Kisha akaenda kuleta kalamu ya kusafishia fiba, maana tabaka la tano lilikuwa bado linangoja. Tukaanza na ncha za juu, yeye akishika tochi. Ya nne ilikuwa na vumbi.