Garsen: Mto ni Mmoja, Mota ni Nyingi

Ukitoka Malindi asubuhi na kushika barabara iendayo Lamu, mwendo wa takriban kilomita 110 utakufikisha Garsen. Njiani utakuwa umeaga minazi na kuingia nchi tambarare ya vichaka, ng'ombe na vumbi. Kisha, ghafla, macho yanakutana na kijani kibichi. Hapo ujue umeukaribia Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, uanzao katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Kipini.

Wazee watakusimulia habari za kivuko kilichokuwa kikivutwa kwa mikono hapa kabla ya daraja kujengwa. Wasikilize, kwani ni masimulizi matamu. Lakini ukishamaliza, teremka ukingoni ukijihadhari na mamba, kisha utege sikio. Kati ya migomba na miembe utasikia ngurumo ya pampu ya petroli ikivuta maji. Sauti hiyo, msomaji, ndiyo karo ya shule, ndiyo unga, ndiyo nguo ya sikukuu.

Zamani Wapokomo walilima kwa kuufuata mto. Ulifurika, ukapungua, nao wakapanda mpunga na mahindi katika tope lililobaki. Tangu mabwawa yajengwe huko juu, yakiwemo Kamburu, Masinga na Kiambere, mto hauji tena kwa miadi ile. Na unapokuja kwa hasira, kama mwaka 1997, 2018 na 2023, hufagia kila kitu. Ajabu ni kwamba maji hayo hayo huzalisha umeme kwa nchi nzima, ilhali mkulima wa ukingoni bado ananunua petroli kwa mtungi.

Tena gharama ya mafuta si jambo geni hapa. Mradi wa Bura, ulio katika kaunti hii hii, ulianzishwa kwa pampu kubwa za dizeli, nazo gharama za kuziendesha zikauelemea. Ikiwa serikali ilishindwa, seuze mama mwenye ekari moja ya ndizi?

Ndiyo maana wengi sasa wanaliangalia jua, ambalo Garsen haina uhaba nalo. Lakini ukiingia dukani kuulizia pampu ya sola, utaonyeshwa mota za kila namna. Utachaguaje?

Hebu fungua kigari cha betri cha mwanao kilichoharibika. Ndani ya mota yake utaona koili zinazozunguka, na vipande viwili vidogo vinavyozipelekea umeme. Hizo ndizo brashi. Katika mota kubwa hutengenezwa kwa kaboni. Kwa kuwa husuguana mchana kutwa, hutoa cheche, hupata moto na kulika. Zikiisha, mota husimama.

Mota isiyo na brashi imegeuza mambo. Sumaku ndiyo izungukayo, koili zimetulia, na kifaa kiitwacho kontrola hubadilisha umeme kutoka koili moja hadi nyingine. Hakuna msuguano wa kaboni, na umeme unaopotea ni mdogo. Hasara yake? Bei yake iko juu, na kontrola ikiungua, fundi wa kawaida hana la kufanya. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye duka ni hili: "Kaka, kontrola ikifa, nyingine nitaipata wapi, na kwa siku ngapi?" Mahindi hayangoji kontrola itoke Mombasa.

Hata hizo zisizo na brashi hazilingani. Baadhi zina sensa ndogo ndani yake za kuiarifu kontrola sumaku imefika wapi, nazo huanza kuzunguka kwa utulivu hata zikiwa na mzigo. Nyingine hazina sensa. Kontrola hujua yenyewe kwa kupima umeme unaorudi kutoka kwenye koili. Kwa pampu ya kuzamishwa majini, hii ya pili yafaa. Penye maji na tope, uchache wa nyaya ni baraka.

Lililobaki ni kasi au nguvu. Pampu ya parafujo hupandisha maji machache kwenda juu sana, nayo yafaa kisima kirefu huko mbali na mto. Pampu ya mapanga yazungukayo kwa kasi hutoa maji mengi kwa kimo kidogo. Mkulima wa ukingoni ahitaji hii ya pili. Asidanganywe na tangazo la "mita 80", maana yeye hana mita 80 za kupanda.

Tufanye hesabu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ekari moja ikihitaji milimita tano za maji kwa siku, hizo ni takriban lita 20,000. Kuzipandisha mita 10 huchukua wati-saa 550. Mota na pampu zikitumia vyema asilimia 40 tu ya umeme, utahitaji wati-saa 1,400 hivi. Gawanya kwa saa tano za jua kali, upate wati 280. Ongeza kidogo kwa ajili ya vumbi na joto: paneli za wati 400 zatosha.

Kuna mambo mawili ya mto wenyewe. Pampu iwekwayo juu ya ukingo haivuti vizuri maji yaliyo chini yake zaidi ya mita saba hivi, na Tana hushuka sana wakati wa kiangazi. Pia maji yake yamejaa mchanga, ambao hula mapanga. Basi weka chujio, na usiilaze pampu juu ya tope. Chagua mtambo ambao watu wawili wanaweza kuubeba, ili mafuriko yakitangazwa uhame nao.

La mwisho si la ufundi. Waorma na wafugaji wengine hunywesha mifugo kupitia njia ziitwazo malka. Mwaka 2012 watu zaidi ya mia moja waliuawa katika eneo hili katika mapigano ambayo ugomvi wa ardhi na maji ulichangia. Paneli zikikaa katikati ya malka, hakuna kontrola itakayozima moto huo. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, kaa na majirani, wakulima kwa wafugaji, mkubaliane bomba litapita wapi na ng'ombe watapita wapi. Makubaliano hayo hayana bei dukani, na bila hayo mota bora kuliko zote haitamaliza msimu.