Kubisha Mlango wa Mhadhiri

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, milango ya wahadhiri ilikuwa na karatasi zilizopigwa taipu, kingo zimejikunja kwa joto, zikitaja siku na saa za kuonana na wanafunzi. Nasi tulijipanga koridoni, daftari kwapani, tukinong'onezana nani atangulie, huku harufu ya wino wa stensili ikitujia kutoka chumba walimodurufu mazoezi ya semina. Ulisema shikamoo, ukaambiwa keti, halafu likaja swali lililotutoa jasho kuliko mtihani: "Umesoma nini mpaka sasa?"

Leo swali la mwanafunzi linatumwa kwa WhatsApp saa tano usiku. Jibu huja kabla hujalala, na PDF juu yake.

Siidharau kasi hiyo. Sisi tuligombea nakala moja ya kitabu, iliyoazimwa kwa saa chache tu maktabani. Na mlango ule haukuwa mwepesi kwa wote. Waliotoka shule zenye majina walibisha bila wasiwasi. Wengine, Kiingereza kikiwakwama kooni, walipita mbali. Kwa wasichana, mlango uliofungwa ulibeba hofu nyingine, ambayo enzi hizo haikusemwa hadharani. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 iliitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na leo wapo wahadhiri wanaouacha mlango wazi makusudi. Faida hiyo siibadilishi na kumbukumbu yoyote.

Mikopo nayo, tangu sheria ya mwaka 2004 iliyoanzisha Bodi yake, imewafikisha chuoni watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza kulipa ada. Madarasa yamefurika. Mhadhiri hawezi tena kuketi na kila mmoja, na wengi wanaombishia hodi huja baada ya matokeo, kuulizia alama.

Kilichopungua ni kumwona mtu akifikiri mbele yako. Mhadhiri alinyamaza, akavua miwani, akakiri kwamba hapo hana hakika, akainuka kuchomoa kitabu rafuni, akapekua, akasoma aya kwa sauti na kuanza kubishana nayo, mpaka nawe ukajikuta unambishia bila kujijua. Ukatoka na kitabu cha kuazima, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya jalada, na swali gumu kuliko lile ulilokwenda nalo. Simuni tunapokea jibu lililokwisha kuiva. Jinsi lilivyopikwa hatuioni.

Tena mhadhiri aliyekusikia ukibishana ndiye atakayekuandikia barua yenye uzito siku ukiomba nafasi ya uzamili. Anayekujua kwa namba ya usajili ataandika nini zaidi ya alama zako?

Wewe uliye mwaka wa kwanza, nenda. Nenda wiki ya tatu ya muhula, usingoje wiki ya mitihani, wakati foleni ni ndefu na mwalimu amechoka. Soma kwanza, weka alama kwenye ukurasa uliokushinda, andika swali moja la kweli. Usimuulize mtihani utatoka wapi. Muulize ni wapi yeye mwenyewe bado anatatizika. Na kama unaona haya kwenda peke yako, nendeni wawili.